Mashine ya kufyonza vumbi yenye umbo la mpira, nusura nimuuzie mteja shoti

Wadau wa vitu used, leo nawaletea la kwangu, na sehemu kubwa ni makosa yangu mwenyewe.

Nilikuwa Gerezani natafuta pasi na blenda za kukarabati niposti. Chini ya rundo la vyombo vya mtumba nikaona kitu cha chuma, mviringo kabisa, kina tundu la kuchomeka bomba. Muuzaji mwenyewe alidhani ni hita. Akataja elfu arobaini, tukamalizana kwa 35,000 pamoja na bomba lake.

Kibao chake kilisema Hoover Constellation, imetengenezwa Uingereza, volti 240. Hizi zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Ajabu yake ni kwamba haina matairi. Hewa inayotoka kwenye mota inasukumwa chini ya mashine, nayo inaelea juu ya hewa hiyo hiyo. Unavuta bomba, inakufuata. Ukikutana na kitu cha namna hii soma kibao kabla hujatoa hela, maana zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani na kule umeme wao ni volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu unaunguza mota. Itabidi utafute transfoma inayobeba wati zake, na hiyo peke yake inaweza kula faida yote.

Nyumbani nikachomeka. Ikanguruma, ikavuta vumbi. Nikapiga picha, nikaandika "INAWAKA, IKO FRESHI", nikaposti. Saa mbili hazijapita dada mmoja wa Mbezi akaulizia, tukakubaliana 180,000, akatuma advansi 50,000. Nilijiona mjanja kweli.

Kilichonipeleka kwa fundi ni kwamba haikuwa inaelea. Fundi wangu ni mzee asiye na haraka. Sijamaliza hata kueleza, akaichomeka na kugusisha testa kwenye ganda. Taa ya testa ikawaka.

"Hii umeishikaje mpaka leo?"

"Nilikuwa nimevaa ndala, mzee."

"Na mteja wako atavaa ndala? Umeshapokea hela yake?"

"Advansi tu."

"Mpigie sasa hivi."

Nikampigia. "Kaka, kama umepata mwenye hela zaidi sema tu," ndivyo alivyonijibu. Nikamtumia video ya testa ikiwaka, nikamwambia akitaka nitamrudishia hela yake leo leo. Akakaa kimya mpaka jioni, kisha akaandika: "Nasubiri. Nina watoto wadogo." Hayo maneno yaliniingia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa uzee wa waya. Pale unapoingia kwenye ganda, mpira wake ulikauka ukapasuka, shaba ikawa inagusa chuma. Fundi hakufunga tepu. Aliutoa wote, akaweka waya mpya wa nyuzi tatu, akakwangua rangi kidogo kwa ndani na kufunga ule wa ethi kwa bolti kwenye ganda. Akapima upya, testa haikuwaka. Na hapo mwambie mteja ukweli: soketi inaweza kuwa na matundu matatu na nyuma yake hakuna waya wa ethi hata mmoja. Hiyo aiangalie fundi umeme wa kwake.

Kaboni za mota zilikuwa zimeisha, cheche nyingi. Tukapata za ukubwa unaokaribia, zikapigwa msasa mpaka zikaingia bila kubana. Mpira wa kuziba kati ya nusu mbili za ganda ulikuwa mgumu kama mfupa, nao ukabadilishwa.

Bado haikuelea! Fundi akacheka, akaibeba mpaka saluni ya jirani yenye marumaru. Ikateleza kama sahani juu ya maji. Kwake ni saruji ya kukwaruza, hewa inapotelea kwenye mabonde. Kwangu vile vile. Kwa hiyo video za kuuzia nikapigia pale saluni.

Mfuko wa karatasi wa ndani haupatikani hapa, na bila mfuko vumbi linaingia kwenye mota. Nilishona wa jinzi, ukaziba hewa, mashine ikapata moto na kuelea kukaisha. Nikajaribu kile kitambaa cha mifuko ya kubebea ya sokoni, tabaka mbili. Huo umekubali.

Rangi sikupaka. Wanaotafuta vitu vya zamani wanataka ile ile ya kiwandani, hata kama ina michubuko. Nilishaanza kupiga msasa upande mmoja kabla sijaambiwa, na alama imebaki.

Hesabu: kununua 35,000, fundi 20,000, waya na plagi 12,000, kaboni 5,000, mpira 3,000, mifuko miwili 4,000, boda 6,000. Jumla 85,000, ikabaki 95,000. Siku tisa zangu sijaziweka humo.

Tangazo nililifuta nikaandika hivi: "Ya zamani, miaka ya 1950 ndiyo ilipoanza. Waya, plagi, kaboni na mpira ni vipya. Ganda lilikuwa linapiga shoti, limetengenezwa na kupimwa. Inaelea kwenye marumaru, kwenye saruji ya kukwaruza haielei. Mchubuko wa msasa upande wa kushoto, tazama picha ya nne."

Dada akamalizia 130,000 yake baada ya kuigusisha testa mwenyewe mlangoni kwake. Alikuja na yake.