SOMO LA MWEZI: AVANSI SI ZAWADI



Wengi wanatuuliza: "Batri za masomo ya usiku ziko wapi?" Mna haki ya kujua, kwani feza zilikuwa zenu. Basi tueleze, halafu tujifunze pamoja.

1. Mambo yalivyokuwa

Mwezi wa kwanza tulikusanya dola 180, nusu yake ikitoka kwa maharagi ya shamba letu. Tukazipeleka kwa mwenye butiki mmoja wa mji, kama avansi ya batri mbili za bei ya dola 360. Zingetoka Kampala na kupita Mahagi. Mwezi wa tatu akatuita: "Bei imepanda. Muongeze dola 80, ama mchukue batri za amperi-saa 70 kwa bei ile ile." Tukasema: "Basi, Baba, uturudishie feza." Akajibu: "Feza ikiingia hapa hairudi. Chagueni kitu kingine."

Wengine kati yetu walitaka kukubali, sababu mitihani iko karibu. Lakini tulifanya hesabu kwanza. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Ile ya 70 inabeba 840 tu. Kumbe tungelipa bei ya kitu kizima na kupoteza karibu theluthi moja ya mwangaza.

2. Sheria inasema nini?

Mapatano ya kununua na kuuza katika nchi yetu yanaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ni ya zamani sana, lakini ingali inatumika. Kifungu cha 33 kinafundisha kwamba mapatano ya haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Mmoja peke yake hawezi kuyavunja, na yatimizwe kwa moyo mwema. Kifungu cha 82 kinaongeza: mmoja asipotimiza neno lake, mwenzake anaweza kudai litimizwe, ama kuomba juji avunje mapatano na kumlipisha hasara.

Na kama njia imefungwa na vita? Shida ya kweli inaweza kumwokoa muuzaji asilipe hasara. Haimpi ruhusa ya kukaa na feza ya kitu asichotoa.

Angalieni pia neno moja: ara. Avansi ni sehemu ya bei. Ara ni feza ya kufunga ahadi: mnunuzi akiacha, anaipoteza, muuzaji akiacha, anarudisha mara mbili. Kwa hiyo soma vizuri karatasi mbele ya kutia sahihi.

3. Mfano wa Yakobo

Katika Mwanzo 29, Yakobo alilipa mbele: miaka saba ya kazi kwa ajili ya Raheli. Asubuhi akaona ni Lea. Ndipo Labani akamweleza desturi ya kwao. Pengine desturi ile ilikuwa ya kweli, lakini ilipaswa kusemwa mbele ya miaka saba, si nyuma yake. Hata bei ya Kampala ni vivyo hivyo.

4. Kosa letu

Hatutaficha. Katika karatasi yetu tuliandika hesabu ya feza na bei, lakini juu ya mali tuliandika tu "batri kubwa mbili." Mwenye butiki akatuonyesha ile ya 70: "Hii si kubwa?" Tukanyamaza. Kilichotuokoa ni bei iliyoandikwa na sahihi yake chini. Tulirudi pamoja na Mwalimu mmoja, tukasema kwa heshima, bila makelele. Alitoa dola 100 siku ile, na 80 nyuma ya majuma mawili. Feza yote sasa iko katika ofisi ya Bwana Prefe. Batri hatuna bado, na hayo majuma ya masomo yaliyopotea hakuna atakayeturudishia. Mtusamehe.

5. Mbele ya kutoa avansi, andika:

- jina la kitu, nguvu yake na hesabu yake;
- bei yote, na feza iliyotolewa;
- siku ya kufika;
- neno hili: "Bei ama mali ikibadilika, avansi inarudi yote";
- tarehe, sahihi za wawili, na shahidi.

Maulizo ya kujipima

a) Avansi na ara zinaachana namna gani?
b) Mshonaji amepokea avansi ya uniforme yako, sasa anataka kutumia kitambaa kingine. Utamwambia nini?
c) Na wewe ukiwa muuzaji kesho, utafanya nini bei ikipanda?

Kapita wa shule, kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho