Somo la Saba: Kulinda Wiki Dhidi ya Matangazo Taka

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji wa kuku kilichoamua kuandika kwa pamoja, mtandaoni, yote ambayo wanachama wake wanayafahamu kuhusu chanjo ya mdondo, vyakula na bei za masoko. Wamechagua wiki, yaani tovuti ambayo msomaji yeyote aweza kuisahihisha papo hapo. (Neno hili lisichanganywe na juma la siku saba. Asili yake ni lugha ya Kihawaii, na maana yake ni “haraka”. Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyeipa jina hilo tovuti ya kwanza ya namna hii, mwaka 1995.) Baada ya miezi michache, mwanachama mmoja anafungua ukurasa wa chanjo na kukuta, katikati ya maelezo ya kipimo cha dawa, viungo ishirini vya michezo ya kamari, mikopo ya papo kwa hapo na dawa za nguvu za kiume. Hakuna mwanachama aliyeviweka. Vimewekwa na roboti: programu inayozunguka mtandaoni usiku na mchana ikitafuta kurasa zisizo na mlinzi.

Mfugaji mgeni akibofya kiungo kimojawapo kwa kudhani kwamba kikundi ndicho kilichokipendekeza, aweza kupoteza fedha zake au kutoa namba yake ya siri kwa asiowajua. Hata hivyo, mara nyingi roboti haimlengi mfugaji huyo. Inalenga mitambo ya utafutaji, ambayo tangu zamani huichukua tovuti yenye viungo vingi vinavyoielekea kuwa ni tovuti yenye sifa. Ndiyo sababu matangazo mengine huandikwa kwa namna ya kufichwa, yasionekane kwa macho kabisa. Ukurasa waonekana safi, lakini ukibonyeza “hariri” utayaona yamejazana chini.

Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha alama maalumu inayouambia mtambo wa utafutaji usikihesabu kiungo fulani, na mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza ikaitumia alama hiyo kwa viungo vyake vyote vya nje. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na wiki nyingine nyingi, huiweka alama hiyo yenyewe. Iacheni ilivyo, lakini msiitegemee peke yake, kwa kuwa roboti nyingi hazijishughulishi kuangalia kama kazi yao ina faida.

Kinga ya mlangoni ni swali. Wengi wamezoea picha ya herufi zilizopindapinda, iitwayo kapcha. Picha hizo siku hizi husomwa na programu, tena huwazuia wasioona kushiriki. Kwa wiki ndogo, swali la kienyeji lafaa zaidi: “Mkutano wetu wa mwezi hufanyika chini ya mti gani?” Mwanachama hujibu bila kufikiri, na roboti iliyotengenezwa ng’ambo haina pa kuanzia. Msitumie kitendawili kinachojulikana, maana majibu yake yamo vitabuni na mtandaoni; wala swali ambalo jibu lake limeandikwa katika wiki yenyewe. Matangazo yakianza kupenya tena, badilisheni swali, kwa kuwa huenda mtu amekwisha kuliingiza jibu katika programu yake.

Baada ya swali, kinga tunayoithamini kuliko nyingine ni kuzuia viungo, si kuzuia maneno. Mgeni aruhusiwe kusahihisha sentensi na kuongeza maelezo tangu siku ya kwanza. Lakini kiungo kipya cha nje kisikubaliwe mpaka akaunti yake iwe na siku kadhaa na masahihisho kadhaa yaliyopokelewa. Mfugaji mwenye habari njema hadhuriki kwa sharti hilo, na roboti isiyoweza kuacha kiungo haina ilichokuja kufanya.

Wasimamizi wengi hukimbilia kufungia anwani ya intaneti ambayo matangazo yametoka. Hapa tunashauri subira. Roboti hutumia anwani nyingi, zikiwemo za kompyuta za watu wasio na habari kwamba vyombo vyao vimetekwa. Tena, wateja wengi wa intaneti ya simu huonekana mtandaoni kwa anwani moja ya kampuni yao. Mkiifungia anwani hiyo kwa mwezi mzima, aliyeleta taka atahamia nyingine siku hiyo hiyo, na wanachama wenu wa kijiji jirani watabaki nje wasijue kosa lao. Ikilazimu kufungia, iwe kwa saa chache.

Uchafu ukiingia, wiki ina historia ya kila ukurasa inayoonyesha kila badiliko, saa yake na aliyelifanya. Msifute kiungo kimoja kimoja. Rudini nyuma katika historia mpaka mfikie nakala iliyo safi kweli, kisha ihifadhini upya. Kosa la kawaida ni kurejesha nakala iliyotangulia tu, ambayo nayo yaweza kuwa ilichafuliwa na roboti nyingine wiki iliyopita. Angalieni pia kama kuna mwanachama aliyeandika jambo la maana katikati ya taka, lirudishwe. Mtu mmoja apewe zamu ya kutazama orodha ya mabadiliko ya karibuni kila asubuhi, na kurasa za zamani zisizotembelewa zisisahauliwe, kwa kuwa huko ndiko taka hukaa muda mrefu.

Endapo msomaji amekwisha kulipa fedha kupitia kiungo kilichopandikizwa, pigeni picha ya ukurasa kabla ya kuusafisha, na nakilini kutoka katika historia tarehe na saa ambayo kiungo kiliingizwa. Taarifa hizo, pamoja na ujumbe wa muamala, zipelekwe bila kuchelewa kwa mtoa huduma wake wa fedha na katika kituo cha polisi.