SOMO LETU: MKIMBIZI, BAHARIA NA NAULI YA USIKU



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vikundi vya masomo katika matawi, hasa matawi ya mabaharia, wavuvi na wachukuzi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura na Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Lisomwe kwa sauti, kisha maswali ya mwisho yajadiliwe na wote. Shabaha yake ni kutafuta jibu la swali moja: mtu anapofika ufukweni usiku akiomba kuvushwa, mfanyakazi wa boti afanye nini?

1. Tuanze na mfano

Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa, boti hupumzika, na baharia hana mgawo. Tuseme ni siku kama hizo, hapo Kabezi. Tajiri wa boti anamwita nahodha na kumwambia: kuna watu kumi na wanane wanataka kwenda ng'ambo, wamo akina mama na watoto, nauli wamekwisha lipa. Boti hiyo ni ya watu kumi.

Nahodha akikataa, kesho tajiri atampa mwingine usukani. Akikubali na kukamatwa, tajiri atasema hana habari. Na wale abiria, wakibaki, huenda wakauawa. Au huenda wanakimbia njaa tu. Nahodha hana njia ya kujua, na muda wa kuuliza hapewi.

Ndugu, asiyewahi kulala na njaa asiharakishe kumhukumu nahodha huyu. Lakini sisi tulio katika chama hatuwezi kumwacha aamue peke yake gizani.

2. Kwa nini watu huvuka

Mwambao huu umezoea kuwaona watu wakikimbia. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakawaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima. Makadirio mengi huanzia watu 100,000 na kuzidi 200,000. Watu wapatao 150,000 walikimbilia Tanzania, wengi wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mamia ya maelfu walikimbia tena. Mwaka 1999 wananchi wa Bujumbura Vijijini, Kabezi ikiwamo, waliondolewa majumbani kwa nguvu na kukusanywa katika kambi.

Mwaka 2015, mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulipoanza, makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yao mlima, mbele yao maji. Kipindupindu kikaingia na kuua. Ilitumwa meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawachukua watu wapatao 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Wengine walivukia Kongo, wakapokewa katika kambi ya Lusenda, Fizi.

Tukumbuke funzo la Kagunga. Njia ya halali inapofunguliwa, mchana, mbele ya macho ya wote, mwenye boti ya magendo hupungukiwa na cha kuuza. Biashara ya usiku hustawi pale ambapo mlango wa mchana umefungwa.

3. Sheria inasemaje

Mfanyakazi lazima ajue sheria, maana ndiye hufungwa.

(a) Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza mkimbizi kuadhibiwa kwa sababu tu ameingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, akajitokeza kwa wakuu bila kuchelewa na kueleza sababu yake. Pia unakataza kumrudisha penye hatari.

(b) Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unapanua maana ya mkimbizi hadi kwa mtu anayekimbia vita na machafuko makubwa. Unasema pia kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la utu, wala nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui.

(c) Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya kusafirisha wahamiaji kwa magendo inaeleza kosa hilo kuwa ni kumwingiza mtu nchini kinyume cha sheria ili kupata faida ya fedha au mali. Msingi wa kosa ni faida. Itifaki hiyo inasema msafiri mwenyewe asishtakiwe kwa kuwa alisafirishwa, na kwamba haiondoi haki za mkimbizi.

Hata hivyo, maandishi mazuri hayamzuii askari kumkamata asiye na hatia. Agosti 2007 wavuvi saba wa Tunisia waliwaokoa watu 44 baharini karibu na kisiwa cha Lampedusa, wakawafikisha nchi kavu. Italia iliwakamata wavuvi hao. Manahodha wawili walihukumiwa kifungo mwaka 2009, na ni mwaka 2011 tu walipofutiwa hatia katika rufaa. Miaka minne ya mashaka, kwa kosa la kutowaacha watu wafe.

4. Fundo lililo ndani ya jumuiya za wakimbizi

Sasa tuseme jambo ambalo watu hulinong'ona. Pesa ya nauli mara nyingi hutoka kwa ndugu waliotangulia ng'ambo. Wao ndio huchanga, wao ndio humjua mvushaji, na mara nyingine mvushaji ni mmoja wao. Wakimtaja kwa wakuu, njia inafungwa na mama yao anabaki upande wa hatari. Wakinyamaza, mvushaji huyo huyo atajaza boti kupita kiasi, atapandisha bei katikati ya maji, na ataficha habari za waliozama.

Ukimya huu si uhalifu wa moyo. Ni ukimya wa watu waliokosa mlango mwingine. Lakini mwenye kufaidika nao ni mnyonyaji. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na upepo wa kusi wakati wa kiangazi hauombi hodi. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kongo na watu zaidi ya 100 wakafa. Kama meli inayosafiri wazi hupatwa na hayo, itakuwaje boti isiyoandikwa popote?

Na unyonyaji haukomi ufukweni. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi apate kibali kabla ya kutoka kambini. Anayetoka bila kibali kwenda kulima shamba la mtu anaweza kunyimwa ujira, kisha akatishwa kwamba ataripotiwa. Mkataba Na. 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema mfanyakazi asiye na kibali naye ana haki ya malipo ya kazi aliyokwisha fanya. Akilipwa nusu yeye, kesho mwenyeji naye ataambiwa apokee nusu.

5. Msimamo tunaoupendekeza

Kwanza, tutenganishe mambo matatu: kuokoa, kuvusha na kuuza watu. Anayemtoa mtu majini hana kosa, na chama kimtetee hadi mwisho. Anayemvusha mwenye hatari kwa gharama ya mafuta asihesabiwe sawa na mfanya biashara, ila ajue kwamba mahakama inaweza kumwona vingine. Anayewauza watu, au kuwashikilia mpaka ndugu zao waongeze pesa, ni adui wa wafanyakazi.

Pili, idadi ya watu katika boti isipangwe na tajiri peke yake. Nahodha anayekataa kupakia kupita kiasi alindwe na wenzake wote wa ufukwe. Asipatikane wa kushika usukani wake kesho.

Tatu, anayevushwa afikishwe mahali penye wakuu na ajieleze mapema, maana ulinzi wake umo humo. Asiachwe kichakani usiku.

Nne, chama kidai kwa serikali za pande zote njia ya wazi kwa wanaokimbia, na chombo cha uokoaji kila bandari.

Hatudai kwamba hayo yanamaliza fundo. Nahodha wetu wa Kabezi bado yuko ufukweni, na mwezi bado unawaka. Lakini akijua kwamba wenzake wako nyuma yake, anaweza kumwambia tajiri: watu kumi, si kumi na wanane.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, watu wanane waliobaki ufukweni wafanyiwe nini usiku ule ule?
2. Mwanachama akijua jina la mvushaji anayezamisha watu, naye ndiye atakayemvusha dada yake, amtaje au asimtaje? Toeni sababu.
3. Tawi lenu linaweza kumsaidiaje baharia siku za mbalamwezi, asilazimishwe na njaa?