Somo la Mwezi: Wanyama wa Nyumbani Wakati wa Noeli na Mwaka Mpya

Somo la mwezi huu linahusu viumbe wasiosoma gazeti hili lakini wanaoishi nasi katika ua mmoja, yaani mbwa na paka wetu. Noeli ikikaribia sisi hupaka nyumba chokaa, hushona nguo na kutandika vitanda vya wageni. Mnyama hana kalenda. Anachoona yeye ni kwamba nyumba imejaa watu asiowajua, saa ya chakula imepotea, na usiku mbingu inapasuka kwa vishindo. Hapo huingiwa na hofu, na hofu hiyo huzaa ajali ambayo mara nyingine humpata mtoto. Basi yafaa tulisome jambo hili kwa makini, wala tusiseme ni mambo ya Wazungu.

Kwanza, si mambo ya Wazungu. Amri ya mapumziko katika Kutoka 23:12 inawataja ng'ombe na punda kabla haijamtaja mgeni. Na kama tunataka mfano kutoka Kanisa letu la Anglikana, yuko Padre Arthur Broome wa Uingereza, ambaye mwaka 1824 aliita mkutano mjini London uliozaa chama cha kuwatetea wanyama nchini humo. Aliacha kazi ya parokia ili akitumikie chama hicho, na mwaka 1826 alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo kumtesa mnyama ni kosa mbele ya hakimu pia.

Sasa tuangalie kelele. Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti zenye mitetemo ifikayo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika kama 45,000, na paka huzidi 60,000. Fataki linalotufanya sisi tucheke, yeye hulisikia kwa namna nyingine kabisa, na tena hajui litalia lini wala limetoka wapi. Zaidi ya hayo kuna honi za magari, madebe yanayopigwa mkesha wa Mwaka Mpya, na spika za jirani zinazolia hadi alfajiri. Mbwa aliyeshikwa na hofu hutetemeka, huhema kama aliyetoka mbioni, hudondosha mate, huuficha mkia na kukwaruza mlango. Mwingine hujikojolea ndani ya nyumba. Wapo watu ambao wakiona hivyo huchukua fimbo. Nimefundisha watoto miaka mingi, na kila mwalimu aliyepita chuoni anajua kwamba mtoto anayetetemeka hajifunzi hesabu kwa kuongezewa viboko. Mbwa ni hivyo hivyo. Ukimpiga, anajifunza kwamba fataki likilia fimbo nayo inakuja, na mwaka ujao hofu yake itakuwa maradufu. Kumpapasa na kusema naye kwa upole si kumdekeza.

Kazi kubwa ifanyike kabla ya giza. Siku ya tarehe 24 na siku ya 31 Desemba, mbwa atembezwe na alishwe mapema, jua likiwa bado lipo, kisha aingizwe ndani, au katika stoo au jiko la nje lenye mlango unaofungwa vizuri. Madirisha yafungwe na pazia lishushwe. Awekewe maji na gunia au nguo kuukuu yenye harufu ya mwenyeji wake. Redio ikiachwa wazi kwa sauti ya kawaida husaidia kufunika vishindo vya nje. Hayo yote yafanyike kabla hatujaondoka kwenda Misa ya usiku, maana wengi wetu huvaa vizuri, hufunga geti, na kumwacha mbwa uani peke yake saa ile ile ambayo mji mzima unalipuka.

Mbwa wa mnyororo ni hatari zaidi. Akishtuka huruka ukuta, na mnyororo ukiwa mrefu kidogo tu kuliko ukuta, asubuhi hukutwa ananing'inia upande wa pili amekufa. Ikiwa hakuna namna ya kumwingiza ndani, afungwe mbali na ukuta na uzio, na mtu abaki nyumbani.

Akitoroka je? Hapa tufikiri vizuri. Mbwa aliyekimbia kwa hofu huvuka mitaa asiyoijua, macho yamemtoka, mate yanamdondoka, na hamtambui hata mtu anayemfahamu. Watu wakimwona hupiga kelele, "Mbwa kichaa!" na mawe huanza kuruka. Mnyama mzima huuawa kwa sababu ya baruti tu. Ukanda wa shingoni wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika huonyesha kwamba ana kwao, na mtu mwenye busara ataweza kupiga simu.

Paka hana shida nyingi. Yeye hujitafutia uvungu au juu ya kabati, na lililo jema ni kumwacha huko huko. Asivutwe mkia ili wageni wamwone.

Kuhusu chakula, mgeni akitaka kumfurahisha mbwa humtupia mifupa ya kuku. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na vipande hivyo hutoboa koo au utumbo. Wengi hawajui habari za zabibu. Zabibu kavu tunazotia katika pilau na keki huweza kuharibu figo za mbwa, hata kama ni chache. Vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka, na chokoleti ni sumu kwao. Tena kuna vijana wanaomnywesha mbwa pombe ili wacheke anavyoyumba. Sina neno la upole kwa mchezo huo. Ugali na dagaa kama siku zote vinamtosha, naye hatasononeka kwa kukosa pilau.

Wanaosafiri, hasa ndugu zetu waendao Kilimanjaro "kuhesabiwa", wasifunge geti na kuacha sufuria la ugali la siku kumi. Siku ya pili ugali umechacha. Aachiwe jirani anayemfahamu mbwa huyo, pamoja na fedha za chakula na namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Niseme na neno dogo kuhusu kuku na mbuzi wa sikukuu. Hata mnyama atakayechinjwa kesho anastahili kivuli na maji leo. Kuku kuning'inizwa miguu juu kwenye baiskeli kutoka sokoni hadi nyumbani ni mateso yasiyo na faida yoyote kwa mchuzi.

Nimeacha mwisho jambo zito kuliko yote, nalo ni wageni watoto. Mtoto wa mjini hamjui mbwa wa babu, na mbwa wa babu hamjui yeye. Mbwa amekwisha kuchoshwa na kelele, mtoto anamkumbatia akiwa anakula, na meno yanaingia. Watoto wafundishwe mapema kutomgusa mbwa anayekula, anayelala, aliyejificha au anayenyonyesha, na mtu mzima awe karibu.

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, mtoto wa darasa la tatu aliumwa na mbwa siku ya pili ya Noeli. Jeraha lilikuwa dogo, pale mguuni. Wazee walilipaka pilipili iliyosagwa, wakasema hospitali watakwenda sikukuu zikiisha. Jeraha lilipona likafunga, na safari ya hospitali ikasahauliwa. Mwezi wa Machi mtoto akaanza kuogopa maji. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Kichaa cha mbwa hukaa mwilini kimya, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili ugonjwa huu unazuilika, na umezuilika tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa. Lisipakwe pilipili, udongo, wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Noeli iwe Mwaka Mpya, na amalize sindano zote atakazoandikiwa. Mbwa mwenyewe asiuawe na kuzikwa haraka haraka. Ikiwa anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe, na Bwana Mifugo aarifiwe, kwa sababu akibaki hai na mzima siku kumi baada ya kuuma, tunajua kwamba hakuambukiza kichaa siku ile.

Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani wameambukizwa na mbwa, na mbwa wakichanjwa wafikapo saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye cheti chake. Chanjo huhitaji wiki kadhaa kabla haijamkinga vizuri, hivyo anayengoja hadi wiki ya Noeli amechelewa. Kila mwenye mbwa atafute cheti hicho nyumbani wiki hii na kuisoma tarehe. Asiyekipata aende ofisi ya mifugo ya kata, na ikiwa jirani yake naye ana mbwa, waende pamoja.