Aliyeachishwa Kazi Afanye Nini?

Katika darasa letu la baada ya Magharibi hapa Nakuru, ndugu mmoja aliuliza: "Sheikh, mtu aliyeachishwa kazi aseme ni kadari, akae asubiri?" Nikamwuliza sababu ya swali lake. Akanyamaza, kisha akakiri kwamba ni yeye mwenyewe. Alikuwa akihesabu mbao katika kiwanda kimoja kwa miaka 14. Akagombana na msimamizi, akafukuzwa siku ile ile. Yapata wiki tatu alikuwa akitoka nyumbani asubuhi na chakula chake, akaketi Nyayo Gardens hata jioni, ili mkewe asijue.

Kwanza nilimwambia arudi nyumbani akaseme kweli. Kumbe mkewe alikwisha jua tangu siku ya pili, maana nguo zilirudi hazina vumbi la mbao.

Pili ni haki yake. Kuiacha haki ipotee si tawakali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze kosa hilo kwa lugha aifahamuyo, na amsikilize mbele ya mfanyakazi mwenziwe amtakaye. Hata afukuzwaye papo hapo hulipwa siku alizokwisha fanya. Mashtaka ya kufukuzwa bila ya haki yafikishwe kwa afisa wa kazi kabla ya kupita miezi mitatu. Ama wale ambao kazi yenyewe imeondoka, kama ilivyokuwa kwa kiwanda cha betri cha Eveready kilichofunguliwa mjini kwetu mwaka 1967 kikafungwa 2014, hao hawana kosa, na sheria yawapa malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka mzima wa utumishi.

Tena aliyetumika wiki nne au zaidi ana haki ya cheti cha utumishi, chenye kutaja kazi yake na tarehe za kuanza na kuacha. Lakini sheria hiyo hiyo haimlazimishi mwajiri kuandika kwamba mtu huyu ni mwema. Cheti hushuhudia siku. Tabia hushuhudiwa na walioiona.

Ndipo tukasoma kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Aliingia Madyan mkimbizi, hana mali wala jamaa. Akawaona wanawake wawili wamezuia wanyama wao kando, wakingoja wachungaji waondoke kisimani. Akawanyweshea, asitake ujira, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake kheri. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, akitaja nguvu zake na uaminifu wake. Na tazama mapatano yalivyokuwa wazi: miaka minane, na akipenda akamilishe kumi. Musa aliomba dua, naam, lakini mikono yake ilikwisha lowa maji ya kisima.

Wako ndugu zetu ambao, wakiachishwa kazi, jambo la kwanza ni kwenda kupigiwa ramli wajue nani kawaroga. Mshahara wa mwisho huishia kwa mganga, na kodi ya nyumba haijalipwa! Mimi nimewaona, na wengine ni watu wa safu ya mbele msikitini.

Ndugu yetu alianza kuwazungukia watu waliokuwa wakija kununua mbao pale kiwandani. Aliona haya sana. Wa kwanza alimpa pole na chai. Wa pili hakuwa na nafasi. Kisha dereva mmoja wa lori kutoka Njoro akakumbuka kwamba siku moja alikwisha kuwasha gari aondoke, naye akamkimbilia hata langoni kumwambia kwamba mzigo wake umepungua mbao mbili. Akampeleka kwa tajiri wake. Nilimsisitiza aulize mshahara, saa za kazi na ruhusa ya Ijumaa kabla ya kushika kazi, si baadaye. Ameanza mwezi huu. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza, na cheti chake angali anakifuatia kwa afisa wa kazi.