Miiko ya Chakula kwa Mwenye Mimba: Ipi Ishikwe na Ipi Iachwe

Wasomaji wetu wajua ya kuwa mwanamke akishika mimba hapungukiwi na washauri. Mama mzazi ana lake, mama mkwe ana lake, jirani ana lake, na siku ya kliniki muuguzi naye ana lake. Huyu asema, Usile yai. Yule asema, Kula mayai. Huyu asema, Maini huongeza damu. Yule asema, Usiyazidishe. Mwanamke hubaki katikati, na aghalabu humfuata yule akaaye naye nyumba moja, maana ndiye amwonaye akila. Katika somo hili twataka kuonyesha njia ya kuyapima makatazo hayo, ili watu wa nyumba, waume kwa wake, wapate kujua lipi lina sababu na lipi ni woga tu.

Tuanze na yai, kwa kuwa ndilo linalogombaniwa sana. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mwenye mimba hukatazwa mayai. Wengine husema mtoto atazaliwa hana nywele. Wengine, na hao ndio wengi, husema mtoto atanenepa tumboni ashindwe kutoka. Mimi mwandishi niliwahi kuketi barazani kwa jamaa zangu nikamsikia bibi mmoja mtu mzima akisema na mke wa mwanawe aliyekuwa na mimba ya miezi sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo yai wampelekea nani?"

"Ni langu, mama. Nimeambiwa kliniki nile."

"Mwanangu, mimi sikunyimi yai. Mimi nimemzika dada yangu na mtoto wake tumboni. Mtoto alikuwa mkubwa, njia haikutosha, na hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili. Tangu siku ile nawaogopa watoto wakubwa."

Maneno hayo hayafai kuchekwa. Mtu asiye na daktari karibu, akiona wanawake wakifa kwa uchungu usiokwisha, hutafuta lile awezalo kulifanya kwa mikono yake mwenyewe. Na awezalo ni kupunguza chakula. Jambo aliloliogopa bibi yule ni la kweli kabisa. Dawa yake tu ndiyo isiyofaa, na sababu zake ni hizi.

Mtoto hukwama kwa kuwa mifupa ya nyonga ya mama ni myembamba, au kwa kuwa mtoto amelala vibaya tumboni. Nyonga huwa nyembamba mara nyingi kwa sababu ya mambo yaliyopita zamani: msichana alikosa chakula bora alipokuwa mdogo, au ameshika mimba kabla mifupa yake haijamaliza kukua. Kumnyima yai mwezi wa sita hakupanui nyonga. Tena mama akikosa chakula, mtoto hupungua nyama kuliko anavyopungua kichwa, nacho kichwa ndicho kilicho kizito kupita. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, watu wa Uholanzi ya magharibi walipatwa na njaa kali, posho ya mtu ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Madaktari walikuwa na daftari za uzazi, na kwa hiyo habari zake zajulikana. Wanawake waliopatwa na njaa hiyo katika miezi mitatu ya mwisho walizaa watoto waliopungua karibu gramu 300 kwa wastani, na wengi zaidi wa watoto hao walikufa wangali wachanga.

Na mama je? Katika kuzaa damu humwagika. Mwanamke mwenye damu ya kutosha huvumilia kumwagika huko, akapumzika, akapona. Yule aliyeingia katika uchungu damu yake ikiwa haba, kwa safura, au kwa homa ya malaria, au kwa miezi mingi ya ugali na chumvi, huweza kufa kwa kumwagika kule kule ambako mwenzake hakukujali. Basi akatazwaye yai, nyama na samaki, akaambiwa ni kwa ajili ya kumwokoa wakati wa kuzaa, amezidishiwa hatari ya saa ile ile.

Kuna mtoto mkubwa kwa kweli, lakini yai halimo katika habari zake. Huyo hutokea mara nyingi kwa mama mwenye kisukari cha mimba, ambaye sukari imezidi katika damu yake. Nayo hujulikana kwa kupimwa, si kwa kutazama tumbo.

Twapenda kusimulia habari moja ya Bara Hindi, maana yaonyesha ya kuwa chakula kinachokosekana chaweza kudhuru kama kile kilicholiwa. Mwaka 1928 daktari wa kike wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wanawake wengi wenye mimba, hasa maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo, walipungukiwa na damu vibaya. Kwanza alitafuta vijidudu, asivione. Kisha akachunguza wanakula nini, akaona ya kuwa walioshikwa sana ni wale ambao mboga na matunda yalikuwa nadra katika chakula chao. Mwaka 1931 alitangaza kwamba wagonjwa wake walipona kwa kulishwa kile kitu cheusi cha hamira ambacho Waingereza hupaka mkate, kiitwacho Marmite. Dawa iliyokuwa ndani yake haikujulikana jina hata mwaka 1941, wataalamu wa Marekani walipoitoa katika majani ya mboga wakaiita asidi ya foliki. Ndiyo hiyo itolewayo kliniki leo pamoja na vidonge vya chuma. Shirika la Afya Duniani lashauri mwenye mimba apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na maikrogramu 400 za asidi hiyo. Mwaka 1991 uchunguzi uliofanywa Uingereza na nchi nyingine ulionyesha ya kuwa, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto ambaye uti wa mgongo haukufunga, asidi ya foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza msiba huo karibu robo tatu. Uti hufunga katika majuma manne ya kwanza, wakati ambapo wengi hawajajua bado kwamba wana mimba. Kwa hiyo mchicha, kisamvu, kunde na maharage si vyakula vya kungojea mpaka tumbo lionekane.

Basi mtu akikuambia, Chakula hiki usile, muulize mambo mawili kwa adabu. La kwanza: ndani yake mna nini kinachodhuru, nacho humfikiaje mtoto? La pili: nikikiacha, nitakula nini badala yake? Mwiko wenye sababu huwa na jibu la swali la kwanza. Na hata wenye sababu haufai kuamriwa bila jibu la pili, maana nyumba isiyo na nyama wala samaki, ukiiondolea yai umeiondolea vyote.

Tutumie maswali hayo kwa udongo. Sokoni huuzwa vipande vya udongo mgumu, ambavyo watu wengi wa Tanzania huviita pemba, na wenye mimba huvitamani sana. Ajabu ni kwamba wazee wakatazao yai aghalabu hawaukatazi udongo. Nao una madhara ya wazi. Huweza kuchukua mayai ya minyoo. Mwingine una madini ya risasi, ambayo hupita katika kondo la nyuma, yakamfikia mtoto na kudhuru ubongo wake. Tena huzuia chuma cha chakula kisiingie katika damu. Tamaa yenyewe mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, hata mwanamke akazidi kula kile kinachozidi kumpunguza. Asiaibishwe. Na amwambie muuguzi waziwazi, apimwe damu, apewe dawa ya minyoo na chuma. Wengine tamaa huwatoka damu ikirudi.

Pombe nayo hukubaliwa nyumba nyingi, hasa ile ya nafaka, ambayo watu huihesabu kuwa uji. Mwaka 1968 madaktari wa Ufaransa, na mwaka 1973 wenzao wa Seattle huko Marekani, walieleza habari za watoto waliozaliwa na akina mama walevi: wadogo wa mwili, wazito wa kujifunza, na sura zao zina alama za namna moja. Pombe hupita kwa mtoto kama ilivyo katika damu ya mama, na hakuna kiasi kilichojulikana kuwa salama. Uji wa ulezi usiochachuka una faida yote ile isipokuwa ulevi.

Maziwa mabichi, nyama isiyoiva na mayai mabichi viepukwe, kwa sababu ya vijidudu ambavyo moto huviua. Maziwa yachemke, si kupashwa tu. Mishkaki ya kando ya njia ikatwe itazamwe ndani. Wasiojali na wakumbuke Afrika ya Kusini mwaka 2017 na 2018, ambako soseji kubwa iliwayo bila kupikwa, waiitayo poloni, ilibeba vijidudu vya listeria. Zaidi ya watu 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafa, na sehemu kubwa ya walioshikwa ni watoto wachanga waliopata ugonjwa kwa mama zao. Mboga ziliwazo mbichi zioshwe sana, maana kinyesi cha paka kina vijidudu vyake vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Mahindi na karanga zilizoota kuvu haziponywi kwa kukaangwa, wala kwa kusagwa. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki za Kenya, miongoni mwao Makueni na Kitui, watu 317 walijulikana kuugua kwa sumu ya kuvu ya mahindi, 125 wakafa. Mwenye mimba asipewe punje zilizotengwa kwa sababu ya ubaya, kama ifanyikavyo nyumba nyingine, ambako nzuri huuzwa na mbaya hubaki jikoni.

Samaki ni chakula chema sana kwa mimba, ila wale wakubwa walao samaki wenzao hukusanya zebaki mwilini mwao, na watu wa pwani wajue ya kuwa papa na nduaro wamo katika hesabu hiyo. Kukausha na kutia chumvi hakuiondoi. Madhara yake yalionekana Minamata katika Japani tangu mwaka 1956, kiwanda kilipomwaga zebaki baharini: akina mama walioonekana karibu wazima walizaa watoto wenye viungo vilivyopooza. Maji yetu si kama ya Minamata, walakini papa mkavu na aachwe kwa miezi hiyo tisa, naye mama ale dagaa, changu au sato.

Maini yana ugumu wake. Yana chuma kingi, lakini yana vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi katika miezi mitatu ya mwanzo huweza kumharibu mtoto angali akiumbwa. Serikali ya Uingereza iliwashauri wenye mimba wayaache mwaka 1990. Kwa maoni yetu, ayaache kabisa miezi ile mitatu, na baadaye akipata asizidishe kipande kidogo kwa juma. Wala asinywe mafuta ya maini ya samaki pasipo amri ya daktari.

Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma. Zingojee saa moja au mbili, na mahali pake liliwe chungwa au embe, ambalo hukisaidia. Kahawa isizidi vikombe vitatu hivi kwa siku. Pilipili huleta kiungulia tu. Nanasi halina kosa. Kuhusu papai wazee wamepata nusu ya kweli: utomvu wa papai bichi ulipojaribiwa katika panya ulikaza mji wa mimba, lakini papai lililoiva halikufanya hivyo. Bichi liachwe, bivu liliwe.

Yule bibi wa barazani alielezwa mengi ya haya na muuguzi, mbele ya mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: hospitali ya kupasua iko wapi sasa, na gari la kumpeleka usiku ni la nani? Mwanawe hakuwa na jibu. Ikapatanwa siku ile ile kwamba mkewe azalie hospitali ya wilaya, aende akakae kwa shangazi yake mjini juma tatu kabla, na fedha za gari ziwekwe kwa bibi mwenyewe, asizitoe kwa shughuli nyingine yo yote. Alipokwisha kuzifunga katika pindo la kanga yake alimwita mkwewe, akamwuliza kama lile yai limeiva vema.