Vyuma uzeeni

Swali: Nina miaka 57, nafuga mbuzi hapa Sericho. Kijana wangu amenifundisha kunyanyua vyuma, sasa anataka nishindane. Si nimechelewa?

Jibu: Hujachelewa, mzee. Mashindano ya wakongwe hupanga watu kwa rika la miaka mitano mitano. Hutapambana na vijana. Pima presha kwanza. Jukwaani una majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na ukishindwa uzito haupunguzwi. Ukikosa yote matatu, huna jumla. Kwa hiyo anza na uzito unaouinua hata siku ya uchovu. Ukishanyoosha mikono, tulia hadi mwamuzi aashirie ushushe. Wageni wengi huangusha mapema, jasho likaenda bure! Wala usijinyime chakula upunguze kilo: barabara ya Isiolo pekee inatosha kukuchosha, basi fika siku moja kabla ya mashindano.